Samuel Sebastian Wesley, Mpiga Kinanda wa Kanisa Kuu

Mara nyingi Askofu anapokuja mtaani kutoa Kipaimara, au tunapofanya sikukuu ya kuwekwa wakfu kanisa letu, huimbwa ule wimbo unaoeleza habari za Kanisa na msingi wake mmoja, yaani Yesu Kristo. Tunauimba kwa moyo, wazee kwa watoto, na wengine hawana haja hata ya kufungua kitabu. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kujiuliza tuni ile imetoka kwa nani?

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya watakatifu, ya maaskofu na ya wamisionari. Safari hii tumependa kueleza habari za mtu ambaye hakuwa askofu wala padre, wala jina lake halimo katika kalenda ya watakatifu. Alikuwa mpiga kinanda. Tena tangu mwanzo tuseme kweli, hakuwa mtu mwepesi kuishi naye. Hata hivyo Kanisa linaimba kazi yake mpaka leo, na sisi tunaona yapo mambo katika maisha yake yanayotuhusu sana sisi wa Kinondoni na Temeke.

Samuel Sebastian Wesley alizaliwa London tarehe 14 Agosti 1810. Jina la Wesley si geni kwa Wakristo. Babu yake alikuwa Charles Wesley, padre wa Kanisa la Anglikana aliyetunga nyimbo za dini zaidi ya 6,000, na nyingine tunaziimba kila Krismasi. Ndugu wa babu yake alikuwa John Wesley, ambaye kwa mahubiri yake ilianza jamii ya Wamethodisti. Baba yake, aliyeitwa pia Samuel, alikuwa mpiga kinanda hodari kuliko wengi wa wakati wake. Yeye alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuwafundisha Waingereza kuipenda kazi ya Johann Sebastian Bach, yule mtunzi mkubwa wa Ujerumani. Ndiyo sababu mtoto akapewa jina la Sebastian.

Lakini mtoto huyu hakuzaliwa katika ndoa. Baba yake alikuwa ameachana na mkewe, akakaa na Sarah Suter, aliyekuwa mtumishi wa nyumba yake, akazaa naye watoto. Katika Uingereza ya siku zile jambo hili lilikuwa aibu kubwa, na aibu hiyo hubebwa na mtoto ambaye hakutenda neno. Tunalitaja si kwa kumdharau, bali kwa sababu hata leo wako watoto katika mitaa yetu wanaonyoshewa kidole kwa jambo kama hilo. Mungu alimpa mtoto huyu kipawa, naye hakuuliza kwanza habari za cheti cha ndoa.

Akiwa mvulana mdogo, Samuel aliingizwa katika kwaya ya kanisa la Mfalme, ambayo mkubwa wake alikuwa William Hawes. Huko alijifunza kuimba na kusoma noti, akajifunza pia ukali, maana wavulana walifanyishwa kazi nyingi. Sauti ya utoto ilipomwishia, akaanza kupiga kinanda katika makanisa ya London.

Hapa yafaa tueleze kidogo. Kinanda tunachokisema si kama vile vya kukanyaga ambavyo wazee wetu walivijua misheni, wala si hivi vya umeme tulivyo navyo sasa. Ni kinanda cha mabomba, mengine marefu kuliko mtu na mengine madogo kama kalamu. Upepo hupitishwa ndani ya mabomba hayo, na siku zile ulisukumwa na watu kwa mikono. Mpigaji hutumia vidole juu na miguu chini, kwa kuwa ziko funguo kubwa za kukanyagwa kwa miguu. Wesley alisifiwa kwa namna miguu yake ilivyokwenda sawa na vidole vyake, na kwa namna alivyoweza kukaa mwisho wa ibada akatunga papo hapo, bila karatasi yoyote mbele yake.

Mwaka 1832, akiwa kijana wa kama miaka 22, aliitwa kuwa mpiga kinanda wa Kanisa Kuu la Hereford, mji mdogo ulio magharibi ya Uingereza. Kinanda cha kanisa hilo kilikuwa kimefanyiwa matengenezo makubwa, naye akatunga wimbo wa kwaya kwa ajili ya kukifungua. Maneno aliyatoa katika kitabu cha nabii Isaya, pale panaposemwa habari za jangwa linalochanua maua. Mwaka uliofuata akaupeleka wimbo huo katika mashindano, nao waamuzi wakaukataa kwa kuona kwamba haukufuata desturi ya nyimbo za makanisa makuu. Leo waamuzi hao wamesahauliwa, na wimbo huo bado unaimbwa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa sababu yake hasa tumeandika habari hizi.

Makanisa makuu ya Uingereza yalikuwa na desturi ya kuimba sala asubuhi na jioni kila siku. Kwaya ilikuwa ya wavulana walioimba sauti ya kwanza, na wanaume walioimba sauti nyingine. Pale Hereford wanaume hao walikuwa mapadre, na kila mmoja alikuwa pia na mtaa wake wa kuutunza. Basi sikukuu kubwa ilipofika, siku ambayo Kanisa Kuu lilihitaji waimbaji kuliko siku zote, kila padre alikwenda kwa watu wake, na kwaya ikabaki tupu.

Sikukuu moja ya Pasaka Wesley alijikuta ana wavulana wake tu na mwanamume mmoja wa kuimba besi. Inasimuliwa kwamba hata huyo mmoja alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa Mkuu wa Kanisa Kuu. Kulikuwa hakuna sauti ya pili wala sauti ya tatu, na siku yenyewe ni ya Ufufuo.

Angefanya nini? Angeweza kukasirika, na kwa kweli kukasirika alikujua sana. Angeweza kusema kwamba mwaka huu haiimbwi kitu. Lakini alikaa akatunga wimbo mpya kwa ajili ya hao hao aliokuwa nao. Alitwaa maneno ya Waraka wa kwanza wa Petro, mahali ambapo mtume anamshukuru Mungu kwa tumaini lililo hai kwa kufufuka kwake Yesu Kristo. Pale maneno yanapokuwa mazito, aliwapa sauti ya kiume peke yake, bila kuhitaji sauti nyingine juu yake. Pale yanapoeleza upendo wa ndugu kwa ndugu, alimpa mvulana mmoja aimbe taratibu, na wenzake wakamwitikia. Halafu karibu na mwisho, baada ya maneno ya majani kukauka na maua kuanguka, kinanda kinapiga kishindo kimoja cha kushtua, na wote wanaingia kwa nguvu kutangaza kwamba Neno la Bwana lakaa milele.

Wimbo huo ndio uliojulikana kuliko nyimbo zake zote za kwaya. Kwaya kubwa zenye waimbaji wengi wa kila sauti zimeuimba kwa karibu miaka 200, na pengine waimbaji wengi hawajui kwamba ulizaliwa kwa upungufu.

Mwaka 1835 Wesley alimwoa Mary Anne Merewether, dada yake Mkuu wa Kanisa Kuu la Hereford, na mwaka huo huo akahamia Kanisa Kuu la Exeter. Huko alipata heshima, maana mwaka 1839 Chuo Kikuu cha Oxford kilimpa shahada ya udaktari wa muziki. Huko pia alipata huzuni. Mungu alimpa watoto wa kiume watano na binti mmoja tu, na binti huyo alifariki angali mchanga mwaka 1840, akazikwa Exeter. Tunaomba wasomaji mlikumbuke kaburi hilo dogo, kwa kuwa tutalirudia.

Tena huko Exeter ulianza ugomvi wake wa muda mrefu na wakubwa wa makanisa makuu. Wesley aliona jambo moja lililomuuma. Tangu zamani Wakristo walikuwa wametoa mashamba na mali ili sifa za Mungu ziimbwe vizuri katika makanisa hayo. Lakini waimbaji walikuwa wachache, walilipwa kidogo, mazoezi hayakufanywa, na wapiga vinanda walihesabiwa kama watumishi wadogo tu. Wakanoni wengi hawakujali. Wesley alisema, akaandika, akagombana. Hakujua kusema kwa upole, na kwa sababu hiyo hata waliokuwa tayari kumsikiliza walichoka naye.

Mwaka 1842 alikwenda Leeds, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza. Safari hii hakwenda kwenye kanisa kuu, bali kwenye kanisa la mtaa. Kasisi wa pale, Walter Farquhar Hook, hakuwa mtu wa muziki hata kidogo, lakini aliamini kwamba ibada ya Mungu yastahili kilicho bora. Akawaambia hivyo watu wake, nao wakatoa michango yao wenyewe kuitunza kwaya. Hivyo yale yaliyoshindikana kwa makanisa makuu yenye mali, yaliwezekana katika mtaa ambao waumini waliamua. Jambo hili tumelisoma mara mbili, na twapenda halmashauri zetu za mitaa nazo zilisome mara mbili.

Kitu kimoja Wesley alikipenda pengine sawa na muziki, nacho ni kuvua samaki kwa ndoana. Wanafunzi wake walisimulia kwamba akiuona mto mzuri njiani, kazi iliyomngoja mjini ilimtoka kichwani, akamtuma mwanafunzi akapige kinanda mahali pake. Desemba 1847 alikwenda kuvua, akaanguka, akavunjika mguu vibaya, akalala miezi mingi. Katika kuugua huko alitunga wimbo wa kwaya kwa maneno ya Zaburi ya 51, ile ya toba, ambayo sisi huisali siku ya Jumatano ya Majivu. Katika Zaburi hiyo Daudi anaitaja mifupa iliyopondwa na Mungu, akiomba ifurahi tena. Pale pale Wesley ameweka sauti zinazogongana kwa uchungu kabla hazijapatana. Huyo ni mtu aliyejua mfupa uliovunjika ni kitu gani.

Mwaka 1849 alitoa kijitabu cha kueleza yote aliyoyaona juu ya muziki wa makanisa makuu na namna ya kuutengeneza. Alitaka kila kanisa kuu liwe na waimbaji wanaume wasiopungua 12, walipwe ujira wa kutosha ili wasihangaike na kazi nyingine, na wapiga vinanda wachaguliwe kwa uwezo wao na kuheshimiwa. Wakati ule wengi walimcheka au walimkasirikia. Alikufa bila kuiona kwaya aliyoitamani. Lakini katika miaka iliyofuata, mengi aliyoyadai yalitimizwa na watu wengine, wapole kuliko yeye.

Mwaka huo wa 1849 alihamia Kanisa Kuu la Winchester, akakaa miaka 16. Ilipofanyika maonyesho makubwa ya London mwaka 1851, fundi Henry Willis alionyesha kinanda kikubwa mno. Wesley aliwashawishi wakubwa wake, nao wakanunua sehemu kubwa ya kinanda hicho, kikaanza kazi kanisani mwaka 1854. Mwaka 1853 alichapisha kitabu cha nyimbo zake 12 za kwaya. Mwaka 1861 akatoa wimbo mwingine, ambao sehemu yake fupi ya mwisho, sala ya kumwomba Bwana atuongoze katika haki yake, ni nyepesi kiasi kwamba kwaya yoyote ya mtaa yaweza kuiimba baada ya mazoezi ya jioni moja au mbili.

Mwaka 1864 ikatoka tuni yetu. Jina lake ni Aurelia, neno lenye asili ya Kilatini linalohusu dhahabu, kwa kuwa kwanza ilitumika kwa wimbo wa habari za Yerusalemu ya mbinguni, mji wa dhahabu. Maneno tunayoyaimba sisi yalikuja baadaye, na chanzo chake ni ugomvi uliotokea hapa Afrika.

Askofu wa kwanza wa Natal, katika Afrika ya Kusini, alikuwa John William Colenso. Alijifunza Kizulu na kuanza kutafsiri Biblia. Katika kazi hiyo msaidizi wake Mzulu, William Ngidi, alimuuliza kama kweli yeye anaamini kwamba habari za Gharika zilitokea vile vile zilivyoandikwa. Swali hilo likamsumbua Askofu, akaanza mwaka 1862 kutoa vitabu juu ya Agano la Kale vilivyoleta makelele makubwa. Robert Gray, Askofu wa Cape Town, akamhukumu na kumwondoa katika uaskofu mwaka 1863, lakini mwaka 1865 mahakama kuu huko London ikasema hukumu hiyo haina nguvu ya sheria. Kanisa likagawanyika. Hatuandiki haya ili kumhukumu Colenso, ambaye Wazulu walimwita Sobantu, yaani baba wa watu, na ambaye aliwatetea mbele ya serikali mpaka alipokufa mwaka 1883. Lakini wakati ule wengi walihuzunika kuona Kanisa likipasuka.

Kijana mmoja kasisi msaidizi huko Windsor, Samuel John Stone, alitoa mwaka 1866 nyimbo 12 za kueleza Imani ya Mitume kifungu kwa kifungu. Kwa kifungu cha Kanisa Takatifu Katoliki na Ushirika wa Watakatifu aliandika wimbo wa msingi mmoja. Mwaka 1868 watengenezaji wa kitabu cha nyimbo wakayaunganisha maneno ya Stone na tuni ya Wesley. Mtunzi mmoja mwenye sifa aliilaumu tuni hiyo vikali, akaiona haina thamani, lakini watu waliipokea. Hivyo swali la Mzulu mmoja lilianzisha mambo ambayo mwisho wake ni wimbo unaoimbwa duniani kote, na uliorudi Afrika kwa lugha zetu wenyewe.

Mwaka 1865 Wesley alihamia Kanisa Kuu la Gloucester, kituo chake cha mwisho. Huko mwaka 1871 aliongoza katika tamasha la nyimbo kazi kubwa ya Bach juu ya Mateso ya Bwana kwa Mtakatifu Mathayo, kama kulipa deni la jina alilopewa na baba yake. Mwaka 1873 serikali ilimpa achague, ama apewe cheo cha heshima cha kuitwa Sir, ama alipwe kiinua mgongo cha paundi 100 kila mwaka. Akachagua fedha. Alikuwa na jamaa ya kutunza, na heshima ya maneno matupu alikuwa ameionja ya kutosha.

Krismasi ya mwaka 1875 alikaa kwenye kinanda chake kwa mara ya mwisho. Alifariki tarehe 19 Aprili 1876, akiwa na umri wa miaka 65. Hakuzikwa Gloucester, wala Winchester. Alizikwa Exeter, mji ambao aligombana sana na wakubwa wake, kando ya yule binti yake mchanga. Miaka 36 ilikuwa imepita, na tunaona kwamba baba huyu mkali hakumsahau.

Wapenzi wasomaji, tusimfanye Wesley kuwa malaika. Alikuwa mwepesi wa hasira, aliwakosea wavulana wake subira, na mara nyingine aliacha zamu yake kwa ajili ya mto wenye samaki. Mwalimu wa kwaya asije akajitetea kwa mfano wake. Lakini yako mambo mawili tunayapenda yakae mioyoni mwetu.

La kwanza ni la wanakwaya. Sisi sote tunazijua jioni zile za mazoezi, waimbaji wa sauti ya kwanza wamejaa mabenchi mawili, na upande wa besi ameketi mzee mmoja, kwa kuwa vijana wengine wako zamu bandarini, au wamekwama katika daladala, au hawakupenda tu kuja. Mwalimu anavunjika moyo, anataka kufunga kitabu. Asikifunge. Awape kazi hao waliopo, kwa kadiri ya sauti zao, na yule mzee mmoja apewe mstari wake auimbe peke yake. Bwana aliyefufuka hahesabu besi.

La pili ni la sisi tuketio kwenye mabenchi. Wesley aliona uchungu si kwa sababu waimbaji walikuwa wachache tu, bali kwa sababu waliokuwa na uwezo wa kusaidia hawakuona kwamba jambo hilo linawahusu. Nasi twajua kuisifu kwaya Jumapili ya Pasaka na kuisahau siku zote nyingine. Mwalimu wa kwaya hutoka mbali, hulipa nauli yake mwenyewe, hununua karatasi kwa fedha yake, na kinanda kikiharibika ni shida yake. Watu wa Leeds hawakuwa wakanoni. Walikuwa watu wa mtaa kama sisi, wakachanga.

Basi Jumapili tutakapoimba tena wimbo wa msingi wa Kanisa, tumkumbuke mtu huyu mbele za Mungu pamoja na mkewe na mtoto wake, na wote wanaotuimbisha bila shukrani. Halafu, ibada ikiisha, tumfuate mwalimu wetu wa kwaya nje ya kanisa, tumuulize anapungukiwa na nini.